Toakase Anaomba Siku Tano Bila Homa

Lisiate Vaipulu ndiye aliyechimba birika la kwanza la maji ya mvua katika kijiji cha Houmalahi, kisiwani Vava'u, na hakumtoza mtu hata tone. Mwanawe, Sunia, alifundisha hesabu na Maandiko katika shule ya kijiji kwa miaka thelathini na minne, na fimbo yake haikuwahi kumwangukia mtoto asiye na kosa. Mwana wa Sunia, Folau, aligonga kengele ya kanisa maisha yake yote, na watu walirekebisha saa zao kwa mkono wake. Katika mlango huo hakuna aliyepata kusimamishwa mbele ya hakimu.

Mwandishi wa makala haya ni mdogo wake Folau. Anasema hivyo mapema ili msomaji ajue kwamba mwanamke anayesimuliwa hapa, Toakase Vaipulu, ni mjukuu wake, na kwamba habari hizi hazikuokotwa njiani.

Ni saa kumi na moja alfajiri, siku ya Alhamisi. Toakase, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ameketi chini ya banda lake, miguu ameinyoosha, gogo la kugongea likiwa mbele yake. Juu ya gogo ameutandaza utepe wa gome la mforsadi uliolowekwa tangu juzi. Anainua nyundo ya mti na kuanza. Kila pigo linaupanua utepe kwa upana wa ukucha.

Upande wake wa kushoto kuna kikombe cha maji ya ndimu, na ndani ya kikombe kingine kilicho kikavu kimesimama kipimajoto. Mapigo yanakwenda sawasawa kwa dakika kama kumi, kisha yanasita. Toakase anaweka nyundo chini, anakunja mwili mpaka paji la uso linagusa gogo, na anabaki hivyo.

Kutoka ng'ambo ya ua inasikika sauti ya mwanamke mzee.

"We mtoto! Umekufa au unapumzika?"

"Napumzika, bibi!"

"Haya, pumzika haraka. Nikiacha kusikia gogo lako siwezi kulala, na mimi ndiyo kwanza nimepata usingizi."

Huyo ni Kalolaine, mwenye umri wa miaka sabini na minne, kiongozi wa kikundi cha wanawake kumi na mmoja wanaogandisha tepe hizo kwa wanga na kuzifanya ngatu, ile nguo kubwa ya magome ambayo bila hiyo hapa haozwi mtu wala hazikwi mtu. Katika mwezi mzuri Toakase hupata pa'anga mia nne, fedha za hapa, kwa kazi hiyo. Katika mwezi ambao maumivu humlaza siku tisa au kumi, hupata nusu yake. Mumewe, Inoke, yuko Australia akichuma zabibu kwa msimu, na hutuma anachoweza.

Toakase anachukua kipimajoto, anakitia kwapani, anangoja.

"Thelathini na sita na nukta saba," anasema. Anakifuta na kukirudisha kikombeni. "Nitapima tena saa sita, halafu jioni. Babu, usinicheke."

Hakuna aliyecheka.

Jumanne ijayo, Mungu akipenda, Toakase atafanyiwa upasuaji katika mji mkuu. Madaktari wanaoweza kuifanya kazi hiyo hutoka ng'ambo na kukaa juma moja tu kwa mwaka. Feri inaondoka keshokutwa, Jumamosi. Akifika mezani akiwa na homa, hawatamlaza usingizi wa dawa, na jina lake litasogezwa mwaka mwingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka jana.

"Nilifika pale nimeshavaa lile gauni lao," anasimulia. "Muuguzi akanipima: thelathini na nane na nukta tisa. Mafua tu, mafua ya kwenye feri. Akaniambia, 'Dada, vaa nguo zako.' Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka wakafunga geti. Sikulia. Nilikuwa nimechoka hata kulia."

Ugonjwa wake unaitwa endometriosisi. Tishu zinazofanana na zile zinazoutanda mfuko wa uzazi kwa ndani huota mahali pasipo pake, nje ya mfuko, na kila mwezi huvimba na kuvuja damu isiyo na njia ya kutokea. Kwa Toakase ulianza akiwa na miaka kumi na mitatu. Jina lake aliambiwa akiwa na thelathini na mmoja.

Miaka kumi na minane hiyo inahitaji kuelezwa, na kuielezea ni jambo zito kwa watu wa kisiwa hiki. Kaka zake hawawezi. Baba yake, Maka, hawezi. Babu anaruhusiwa na mila kusema na mjukuu wake bila pazia, na kwa hiyo babu ataeleza.

Mganga wa zahanati ya Houmalahi ni Kitione, mtoto wa mjomba wake Toakase. Kwetu mtoto wa mjomba ni kaka, na kati ya kaka na dada kuna mwiko ambao kila mtoto huufahamu kabla hajajua kusoma: hawalali chini ya paa moja wakishapevuka, hawataniani, na habari za mwili hazitajwi mmoja anapokuwa karibu na mwenzake. Filamu ikionyesha watu wakibusiana, mmoja wao huinuka na kutoka.

Toakase alikwenda zahanati akiwa amejikunja kama kamba iliyolowa. Kaka yake akamwuliza, macho yakiwa kwenye ukuta, "Ni nini?" Akajibu, macho yakiwa sakafuni, "Tumbo." Kaka akampa dawa ya vidonda vya tumbo. Mwezi uliofuata akarudi. "Ni lile tumbo?" "Ni lile." Akaongezewa dawa ile ile. Walikwenda hivyo kwa miaka sita, watu wawili wenye adabu kamili, na vidonge havikuwa na hatia yoyote ila kwamba vilikuwa vya ugonjwa mwingine.

Kabla ya Kitione kupewa zahanati hiyo, Toakase alikuwa akitibiwa kwa majani na kuambiwa na wakubwa kwamba kila mwanamke huumia, na kwamba wengine hupenda kutangaza.

"Mtu wa kwanza kuniuliza alikuwa Daktari Seini, pale hospitali ya mjini," anasema Toakase. "Sijakaa hata vizuri, akaniuliza, 'Siku zako zikoje?' Hivyo tu. Nikamwangalia. Nikaanza kusema, na sikunyamaza mpaka akaniletea maji."

Kitione, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, alikubali kuzungumza, lakini alimtaka mwandishi aende naye hadi gatini, mbali na nyumba zote.

"Mzee, mimi si mjinga," alisema. "Mwaka wa pili nilikwisha kushuku kwamba si vidonda. Nilijua kwamba sijui, na heshima ikanizuia kuuliza. Nilijiambia, akitaka atasema. Naye alikuwa anajiambia, akitaka ataniuliza. Sasa nikikumbuka zile chupa za vidonge, nasikia haya kuliko ambayo ningesikia kama ningemwuliza."

Kisha akaomba kwamba Toakase asiambiwe alichosema. Mwandishi alimjibu kwamba atalisoma gazetini kama watu wengine, na kwamba ndiyo faida ya magazeti. Kitione akatikisa kichwa, akakubali.

Hofu ya Toakase juu ya virusi haikuanza na benchi la mwaka jana, ingawa pale ndipo ilipokomaa. Simu yake imejaa maandishi ya wanawake wa nchi nyingine wenye ugonjwa kama wake, na wengi wanaamini kwamba miili yao huambukizwa upesi kuliko ya wenzao. Amemwuliza Daktari Seini jambo hilo mara tatu.

"Nilimjibu ukweli," anasema daktari huyo. "Sijaona ushahidi wa kutosha wa kusema kwamba endometriosisi yenyewe inawafungulia virusi mlango. Ninachokiona ni mwanamke mwenye damu pungufu, asiyelala, anayekula kidogo kwa sababu ya maumivu. Damu yake ilikuwa nane. Tumeipandisha kwa vidonge vya chuma na maini hadi kumi na nusu. Amechanjwa homa ya mafua. Nimemwambia anawe mikono, akae penye hewa, ajiepushe na msongamano. Zaidi ya hapo sina uchawi."

Kujiepusha na msongamano. Siku kumi na nne zilizopita, mjomba wake Toakase alifariki.

Uaisele, baba yake Kitione, alikuwa ndugu wa kiume wa marehemu mama yake Toakase, na mama huyo alikuwa dada mkubwa wa nyumba ile. Kwa hiyo binti yake ni fahu, yaani mpwa mwenye daraja la juu kuliko wote msibani. Fahu huketi kichwani pa marehemu. Kila mwombolezaji huingia, huinama, humbusu marehemu, kisha humbusu fahu shavuni. Mjomba Uaisele alikuwa mtu wa watu. Walitarajiwa si chini ya mia nne, wengine kutoka Auckland kwa ndege, na juma lile nusu ya Houmalahi ilikuwa ikikohoa.

Kukaa mbali kungekuwa kumtukana maiti. Kukaa kulikuwa kuipoteza Jumanne. Na kuomba radhi kulihitaji kutaja sababu, mbele ya Kitione na wadogo zake, wote wakiwa kaka.

Yaliyosemwa jioni ile ya msiba jikoni kwa Kalolaine yamesimuliwa kwa mwandishi na wote watatu waliokuwapo, na hayatofautiani. Wa tatu ni Sulieti, mwenzake Toakase wa gogo moja, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona.

"Bibi, mimi siwezi kukaa pale," Toakase alisema.

"Basi kamwambie Kitione huwezi."

"Atauliza kwa nini. Hata asipouliza yeye, wadogo zake watauliza. Nitasema nini? Bora ningekufa mimi, mjomba akabaki."

"Nyamaza. Usimwite Mungu kwa mambo ya jikoni." Kalolaine alikuwa akimenya magimbi, na hakuinua uso. "Hebu nijibu. Fahu akiuona mkeka mzuri msibani akasema, 'Ule wangu,' nani humwuliza kwa nini?"

"Hakuna."

"Akiagiza nguruwe mkubwa kuliko wote apelekwe kwake?"

"Hakuna."

"Akimla peke yake nguruwe mzima?"

"Hapo nitauliza mimi," Sulieti alidakia.

"Wewe kaa kimya na tumbo lako. Toakase, fahu akisema, watu hutii. Fahu haelezi. Sasa wewe unahangaika kutafuta sababu ya kumpa nani? Umepewa rungu, unazunguka kijiji kizima ukiomba fimbo!"

Toakase anakiri kwamba katika miaka yote aliyolijua daraja lake, alikuwa akiliona kama mzigo tu: mahali pa kuketi, watu wa kubusiwa nao, mikeka ya kupokea na kuigawa upya. Haikumjia kamwe kwamba daraja hilo lilikuwa pia ruhusa ya kutosema.

Usiku wa mkesha aliingia amevaa barakoa, akaketi kichwani pa mjomba wake. Alikuwa ameagiza iletwe ngatu aliyoigonga mwenyewe kwa miezi mitatu, ile aliyokusudia kuiuza ili apate matumizi yake ya mji mkuu. Ikatandazwa kutoka kwenye jeneza hadi mlangoni. Kisha fahu akasema mara moja, kwa sauti ambayo waliokuwa uani waliisikia:

"Hakuna atakayembusu marehemu, wala atakayenibusu mimi. Anayemlilia mjomba wangu ataushika upindo wa nguo hii, atainama, atatoka."

Watu walitazamana. Hakuna aliyeuliza. Kitione aliinuka, akatoka nje, na baada ya muda mfupi alionekana amesimama mlangoni na ndoo ya maji na kipande cha sabuni, akimwoshea mikono kila aliyeingia, yeye aliyekuwa mfiwa na mwana mkubwa wa marehemu. Alisimama hapo hadi kulipopambazuka.

Si kila mtu alikubali moyoni. Pisila, mdogo wa marehemu na mama yake mdogo Toakase, alikuwa ametoka Auckland siku hiyo hiyo.

"Nimepanda ndege mbili nije nimbusu kaka yangu," alisema, "halafu nashikishwa kitambaa kama mtoto anayevushwa barabara?" Lakini aliushika upindo, akainama, na akaulilia mpaka wanga ukaachia.

"Hilo sitalisahau," anasema Toakase. "Nilikuwa na haki, lakini nilimnyima mama yangu mdogo busu la mwisho la kaka yake. Na sikuweza kumwambia ni kwa nini. Yeye ni mwanamke, ningeweza kumwambia, lakini nyumba ilikuwa imejaa kaka zangu."

Ngatu ile ilizikwa pamoja na mjomba. Siku ya tatu baada ya mazishi wagonjwa wa homa waliopita zahanati walikuwa kumi na wanane, Pisila akiwa mmoja wao. Wangekuwa wangapi kama wote wangebusiana? Kitione anasema hilo haliwezi kupimwa, na mwandishi anamsifu kwa kutojidai kulijua.

Toakase mwenyewe hakuugua. Lakini sasa Sulieti anakohoa, na gogo la wawili limekuwa gogo la mmoja. Chakula anapelekewa na kuwekewa juu ya ukuta mfupi. Kwa siku kumi za maombolezo kelele za kugonga zilikatazwa kijijini, kama ilivyo desturi, na kazi ilirundikana. Tangu Jumatatu anagonga peke yake ili akamilishe sehemu yake kabla ya safari. Kwenye feri amepanga kukaa sitahani kwa usiku mzima, kwenye upepo, badala ya kuingia ndani walikobanana watu.

"Utapigwa na baridi," mwandishi alimwambia.

"Baridi haina virusi, babu."

"Na mgongo wako?"

"Mgongo wangu umezoea dhambi zote." Alicheka kidogo, kisha akashika ubavu. "Usinichekeshe, babu. Inauma."

Hajidanganyi juu ya Jumanne. Daktari Seini amemweleza kwamba upasuaji huondoa kinachoonekana, na kwamba kwa wanawake wengine ugonjwa hurudi. Kuhusu watoto hapendi kuulizwa, na hakuulizwa.

"Mimi siombi kupona kabisa," anasema. "Nimechoka kuomba makubwa. Naomba siku tano bila homa. Halafu nikipewa mwezi mmoja wa kugonga bila kusita, tangu alfajiri mpaka watoto wa kijiji waende shule, nitajua wamenifanyia kazi. Nguo ya kwanza nitakayoimaliza itakwenda Auckland kwa mama mdogo Pisila. Nitaipeleka mwenyewe, na nitamweleza. Kule hakuna kaka."

"Ukigonga mwezi mzima bila kusita nitapata wapi nafasi ya kukuita?" sauti ya Kalolaine inauliza kutoka ng'ambo ya ua, kwa maana hakuwa amelala.

Toakase anainua nyundo.

Katika zahanati ya Houmalahi, tangu Alhamisi iliyopita, kuna badiliko ambalo halikutangazwa popote. Kitione amemwomba muuguzi wa kike kutoka mjini aje mara moja kwa juma, naye mwenyewe siku hiyo huondoka kabla hajafika na hushinda shambani kwake akipalilia viazi vikuu. Juma la kwanza walikuja wasichana saba. Wawili kati yao walikuwa wamepewa na Kitione dawa za vidonda vya tumbo.

Nyinyi vijana wa kiume mtakaolisoma gazeti hili kabla ya kulifungia samaki, sikieni. Hakuna anayewataka mvunje mwiko wa dada zenu. Babu zetu waliujenga kwa akili, na waliuheshimu. Lakini dada yako akijikunja mbele yako, na wewe ukakaza macho ukutani, usijiite mwenye adabu. Kama huwezi kumwuliza, ondoka hapo, kamtafute anayeweza, mlete, kisha nenda ukalime. Na nyinyi wasichana, anayewauliza akifika, jibuni. Toakase alingoja miaka kumi na minane kuulizwa swali moja. Asitokee mwingine kijijini hapa wa kungoja hivyo, na atakayemngojesha asije kuniamkia.